Sigiri ya feni ya Katwe: dai moja lilivyokufa na lingine likapona

Kisa chenyewe ni hiki, majina nimetoa na vitu viwili vitatu nimevigeuza ili watu wasitambulike, ila mambo ya sheria yako vile vile yalivyo. Fundi mmoja wa Katwe, Kampala, anatengeneza sigiri, yaani jiko la makaa, yenye feni, akaomba patenti, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiige uvumbuzi wake. Mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla mjini, anayeleta sigiri za feni kutoka China akapata habari, akachemka, akaandika barua ndefu ati hiyo kitu si mpya, iko duniani tangu zamani, na yeye mwenyewe ameuza za namna hiyo miaka mingi. Mkaguzi wa ofisi ya patenti naye, bila hata kujua ugomvi wa Kikuubo, akatoa ripoti imejaa herufi X, alama mbaya nitakayoieleza. Fundi akatia makaratasi yote kwenye kavera nyeusi (mfuko wa plastiki) akaniletea, manake kazi yangu ni kusaidia watu kuandika na kutetea maombi kama haya, akaniuliza, "Mzee, sasa wanasema nimeiba?"

Hawasemi umeiba, fundi. Wanasema umetanguliwa, na hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Unaweza kutanguliwa na kitu ambacho hujawahi kukiona, kiko kwenye lugha usiyoijua, nchi ambayo hata ramani yake hujaitazama. Sheria yetu ya mali ya viwanda ya 2014 na Itifaki ya Harare ya 1982 ambayo ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, inaitumia zote zinakubaliana hapo: kinachohesabika ni kila kitu kilichowekwa wazi kwa umma popote duniani kabla ya tarehe ya kuwasilisha ombi, iwe kwa maandishi, michoro, matumizi au maonesho. Ombi la fundi lilipitia ARIPO kwa sababu alitaka ulinzi wa Uganda, Kenya na Tanzania kwa mkupuo mmoja, sigiri zake zinavuka mpaka wa Busia kila wiki. Moyo wako ulikuwa safi au mchafu hakuna anayekuuliza.

Sasa sigiri yenyewe, manake bila kuielewa utapotea huko mbele. Nje ni bati limekunjwa na kuchomelewa, ndani kuna udongo wa kuchoma unaoshika joto, chini kuna feni ndogo ya volti 12 ya zile zinazong'olewa kwenye kompyuta zilizokufa, inalishwa na betri inayochajiwa na sola, na kuna rigaleta ya kuongeza na kupunguza spidi. Wateja wake ni wauza rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai. Muuza rolex anataka moto mkali haraka asubuhi watu wakienda kazini, alafu moto mdogo foleni ikiisha, kwa hiyo feni inamfaa sana. Shida ni majivu. Droo ya chini ikijaa lazima uitoe, na ukiivuta huku feni inazunguka majivu yanaruka juu yote yanatua kwenye chapati na mayai, mteja anaangalia. Unaweza kuzima feni kwanza, ndio, lakini mikono imejaa unga na mafuta na swichi iko upande wa pili. Fundi akafanya hivi: nyuma ya droo akachomelea kijiti cha chuma, na mbele ya tundu la feni akafunga kilango cha bati kwa bawaba. Droo ikiwa ndani kijiti kinasukuma kilango kinabaki wazi. Ukivuta droo, kabla haijatoka hata upana wa vidole viwili, kilango kimeshaanguka kimeziba hewa. Feni inazunguka bure, majivu yametulia. Rudisha droo, kijiti kinasukuma, hewa inapita tena. Hamna waya, hamna sensa, ni bati na bawaba.

Nilipoona kile kilango nilifurahi sana, alafu nikasoma madai yaliyowasilishwa, yaani zile sentensi zinazotaja ni nini hasa kinacholindwa, furaha ikaisha. Dai la kwanza lilisema, kwa kifupi: jiko la kupikia lenye ganda la chuma, tabaka la ndani la nyenzo ya kuhifadhi joto, feni chini ya chumba cha moto, na chanzo cha umeme cha kuendesha feni. Basi. Kilango hakimo. Kilango kiko kwenye dai la nne, huko chini, kama nyongeza tu. Aliyemwandikia mwanzo aliona akiandika pana atashika soko lote. Na ni kweli dai pana linakamata waigaji wengi, ila hilo hilo pana ndo linagongana na kila kitu kilichotangulia. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilishasema mwaka 1889, kesi ya Peters dhidi ya Active, kwamba kitu ambacho kikija baada ya patenti kingeivunja, kitu hicho hicho kikiwa kilikuja kabla basi kimeitangulia. Yani kama sigiri za China za yule jamaa zinaingia ndani ya dai lako, na ziliuzwa kabla yako, usishangilie kwamba umemkamata. Yeye ndo amekukamata wewe.

Ripoti ya mkaguzi ilikuwa na hati kadhaa, kila moja na herufi pembeni. Herufi X maana yake hati hii peke yake inatosha kuua dai. Y maana yake inaua ikiunganishwa na nyingine. A ni ya kukupa picha tu, haina madhara. Kwenye A kulikuwa na maelezo ya jiko la udongo na bati la Kenya, lile lililoenea tangu mwanzo wa miaka ya 1980, kiuno chembamba, wazo lake likiwa limechukuliwa kwenye majiko ya ndoo ya Thailand. Sawa, halina feni, tuliache. Watu wengi wakisoma ripoti ya namna hii wanaogopa wingi wa hati, kumbe hati kumi za A hazikugusi na moja ya X inakumaliza.

D1, yaani hati ya kwanza kwenye ripoti, ndiyo ilikuwa na X nyekundu kabisa. Hati ya patenti ya zamani kutoka Ulaya, imeandikwa Kijerumani, ya jiko la safari la mkaa lenye kipulizo cha umeme. Fundi akanikasirikia kidogo: nani Katwe anasoma Kijerumani? Hakuna, na haijalishi. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa ya patenti kule Marekani iliamua kesi inayoitwa In re Hall ambapo kilichomuua mwombaji ni tasnifu moja ya udaktari iliyokuwa kwenye maktaba ya chuo kikuu cha Freiburg, Ujerumani, nakala imewekwa kwenye katalogi, mtu yeyote angeweza kuiomba akaisoma. Hakuna aliyeulizwa kama kuna mtu aliyewahi kuisoma kweli, ilitosha kwamba mlango ulikuwa wazi.

Basi nikachukua karatasi nikakata dai la kwanza vipande vipande, kila kipande mstari wake, alafu nikaenda kwenye D1 kutafuta kipande kimoja kimoja. Hii ndo kazi yenyewe ya kupima kutanguliwa, haina uchawi wowote, na mtu akianza kukuambia "inafanana" au "wazo ni lile lile" mwambie akae chini akate dai. Ganda la chuma, lipo. Feni chini ya chumba cha moto, ipo, imechorwa. Chanzo cha umeme, kimetajwa. Tabaka la nyenzo ya kuhifadhi joto, hapa fundi alitaka tubishane, akasema D1 wanasema udongo wa kuchoma, mimi nimesema nyenzo ya kuhifadhi joto, si kitu kimoja. Ni kweli si kitu kimoja, lakini udongo wa kuchoma ni mojawapo ya nyenzo za kuhifadhi joto, na kitu mahususi kilichotangulia kinaua dai la jumla. Ukidai "metali yoyote" na mtu alishaandika shaba, umekwisha. Kinyume chake hakiendi: mtu aliyeandika "metali yoyote" hajamuua anayekuja baadaye kudai shaba tu. Ndo maana dai la tatu, lililosema betri inayochajiwa na sola, D1 haikuligusa kwa upande wa upya manake D1 ilisema chanzo cha umeme kwa ujumla tu. Ila dai la tatu lilikuwa na ugonjwa mwingine, nani atashangaa kwamba umeweka sola? Hilo ni swali la hatua ya uvumbuzi, yaani kama fundi wa kawaida angefika hapo bila kuvumbua, swali la pili kabisa, na mtu akiyachanganya maswali haya mawili atapotea.

Kulikuwa na dai la pili pia, la rigaleta. Maandishi ya D1 hayasemi popote kuhusu spidi, lakini mchoro una kitu cha duara pembeni ya ganda. Mkaguzi akasema hiyo ni rigaleta. Michoro inahesabika kweli, huwezi kusema hati ni maneno tu. Lakini kitu ambacho hakijasemwa wazi kinahesabika kimetangulia pale tu ambapo lazima kiwepo, hakuna namna nyingine, si pale ambapo huenda kipo. Duara linaweza kuwa swichi ya kuwasha na kuzima. Tukajibu hivyo, mkaguzi akakubali, na kusema ukweli haikutusaidia kitu manake rigaleta ya feni nani hana.

Dai la kwanza likafa. Nilimwambia fundi tusipoteze karatasi kulililia.

Dai la nne, la kilango, ndo penye utamu. Hapo mkaguzi alileta D2, hati ya tanuri la mhunzi lenye kipulizo, ambalo lina bamba la kuzibia hewa unapotaka kufungua mlango wa majivu. Ukisoma haraka roho inakutoka. Fundi akasema hilo si tatizo, ile ni ya kufulia chuma na hii ni ya chapati. Hiyo hoja ndo mafundi wote wanaikimbilia na ndo dhaifu kuliko zote. Dai la kifaa likisema "jiko la kupikia", kwa Uingereza na Ulaya linasomwa kama jiko linalofaa kupikia, si jiko ambalo mwenyewe alikusudia kupikia. Kama tanuri la mhunzi lina kila kipande cha dai lako na unaweza kuweka sufuria juu yake, limekutangulia hata kama tangu liumbwe halijaona chapati. Kubadilisha kazi ya kifaa hakukifanyi kifaa kiwe kipya.

Kilichotuokoa kilikuwa kidogo sana, na nilikiona baada ya kusoma aya moja ya D2 mara nyingi na kufuata namba kwenye mchoro. Bamba la D2 linashushwa na wenzo wa mkono. Mhunzi anashusha wenzo kwanza, alafu kwa mkono mwingine anafungua mlango wa majivu. Wenzo na mlango haviguswi popote, havina kiungo. Dai la nne linasema kilango kinachofungwa na mwendo wa droo yenyewe. Kipande hicho D2 haina. Na D2 haina tabaka la kuhifadhi joto wala feni ya umeme, ina mvukuto wa kuzungusha kwa mkono. Mkaguzi angeweza kusema, tabaka na feni nachukua D1, bamba nachukua D2, nikivijumlisha nina sigiri yako. Kwenye kupima kama kitu ni kipya hiyo hairuhusiwi, hati moja lazima ibebe vyote peke yake, huwezi kushona kiraka kutoka huku na kiraka kutoka kule. Kushona ni kwa swali la hatua ya uvumbuzi, na ndo maana D2 pembeni yake ilikuwa na Y, si X. Mkaguzi alikuwa sahihi kuiandika hivyo, na kama fundi angejua kusoma hiyo herufi angelala usingizi.

Mfanyabiashara wa Kikuubo hakukaa kimya. Kwenye barua yake aliweka linki ya video, tuiite D3, jamaa wa Asia anapika kwenye sigiri ya feni, na dakika fulani anavuta droo ya majivu na kweli majivu hayaruki. Akaandika kwa herufi kubwa: ONA KILANGO. Lakini kilango hakionekani! Unaona droo inatoka, unaona moto unapungua, basi. Labda kuna kilango ndani, labda amezima feni na mguu, labda upepo umepungua. Hapa ndipo Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisema vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1970, kesi ya General Tire dhidi ya Firestone: kibao cha njiani kinachoelekeza kwenye uvumbuzi, hata kikiwa wazi namna gani, hakitoshi, lazima yule wa kwanza awe amesimika bendera yake pale pale mwisho wa safari. Na mwaka 2005 kesi ya Synthon ikatenganisha mambo mawili: cha kwanza, kile kilichotangulia kimefichua kitu chenyewe, na cha pili, kinamwezesha fundi wa kawaida wa kazi hiyo kukitengeneza bila kuvumbua tena. Video haina hata la kwanza. Tarehe yake ya kupandishwa ilikuwa kabla ya ombi letu, hilo tulikubali, hatukuona sababu ya kubishana na tarehe wakati maudhui yenyewe hayapo.

Aliweka pia picha kutoka kwenye grupu la WhatsApp la wachomeleaji. Watu wengi wanafikiri grupu ni siri kwa sababu mlango una admin. Grupu la mamia ya watu wasiofungwa na ahadi yoyote ya kunyamaza, mimi siwezi kulitetea kama siri mbele ya mtu yeyote. Bahati nzuri picha ilikuwa ya sigiri kwa nje.

Alafu ikaja hoja niliyoiogopa, ya mzee. Barua ilisema kuna mzee Katwe aliyekuwa anatengeneza sigiri yenye kilango cha droo miaka ya 1990, mashahidi wapo. Fundi akacheka. Mimi sikucheka, manake kuna kesi ya Uingereza ya ubao wa matanga, Windsurfing dhidi ya Tabur, iliyochapishwa 1985 kwenye ripoti za kesi, ambapo patenti ya kampuni kubwa ilianguka na mmoja wa waliosababisha ni kijana Peter Chilvers aliyekuwa amejitengenezea ubao wa matanga akiwa na miaka 12, kisiwa cha Hayling, 1958, akichezea pwani watu wakimwona. Boriti yake ya kushikia tanga ilikuwa imenyooka na ya patenti ilikuwa ya kupinda, mahakama ikaona hiyo ni hatua ndogo tu. Mtoto wa miaka 12! Kwa hiyo usimdharau mzee wa Katwe, matumizi ya wazi yanahesabika hata bila karatasi. Marekani zamani hawakuwa hivyo, matumizi ya nchi za nje yasiyoandikwa hawakuyahesabu, ndo maana patenti ya manjano ya kuponya vidonda iliyotolewa kule 1995 Wahindi walilazimika kuipiga kwa maandiko, ikafutwa 1997, ingawa nyumba ngapi India zilijua manjano yanaponya vidonda. Sheria yao ilibadilishwa 2011 na sasa popote duniani inahesabika.

Lakini kuhesabika ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine. Kwenye kesi ya waya wa miiba ya 1892 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliambiwa na mashahidi wengi kwamba walishaona waya kama ule kabla, na ikasema kumbukumbu za watu baada ya miaka mingi, hasa baada ya kuonyeshwa kitu chenyewe, ni dhaifu mno, zinataka ushahidi mzito. Tukamwendea mzee. Mzee mstaarabu, akatukaribisha chai, akasema ndio nilitengeneza sigiri zenye droo, na nikamuuliza, mzee, ukivuta droo hewa ilikuwa inafungwa na nini? Akasema, "Hewa gani? Tulikuwa tunapuliza na kipepeo." Hapo hakuna kilango wala feni. Aliyeandika barua hakuwahi kumuuliza.

Kwa maoni yangu hatari kubwa kwenye faili hii ilikuwa fundi mwenyewe, si Ujerumani wala Kikuubo. Wavumbuzi wengi wanajiua wenyewe. Alishaonyesha sigiri kwenye maonesho ya viwanda Lugogo mwezi wa Oktoba, na ombi liliingia Machi iliyofuata. Na alishauza. Ukiuza kifaa bila sharti la siri, unahesabika umetoa kila kitu ambacho fundi mwenzako angekiona akikifungua, hata kama hakuna aliyekifungua. Bodi kubwa ya rufaa ya ofisi ya patenti ya Ulaya iliamua hivyo kwenye shauri G 1/92: ikiwa umma ungeweza kuchambua bidhaa, basi imewekwa wazi, na huhitaji kuuliza kama mtu alikuwa na sababu ya kuichambua. Na kuna ile kesi ya Marekani ya 1881, Egbert dhidi ya Lippmann, ya vyuma vya sidiria ya kiuno ambavyo mvumbuzi alimpa rafiki yake mwanamke, akavivaa ndani ya nguo ambako hakuna anayeona, mahakama ikasema hayo ni matumizi ya hadharani kwa sababu hakumwambia anyamaze na miaka ikapita. Wakati huo huo mahakama hiyo hiyo 1877 ilimsamehe Nicholson aliyejaribu lami yake ya mbao kwenye barabara ya Boston miaka 6 watu wakipita juu, kwa sababu alikuwa anaijaribu kweli, anaikagua, na barabara huwezi kuijaribu chumbani. Huku kwetu sikutaka kuegemea huruma ya namna hiyo. Dirisha la neema, yaani muda unaosamehewa kati ya kuonyesha kitu chako na kuomba patenti, nalo linatofautiana kila sehemu, Marekani wanakupa mwaka 1, Ulaya miezi 6 na kwa sababu mbili tu, mtu kukusaliti au maonesho rasmi ya kimataifa. Tukahesabu kana kwamba hakuna dirisha.

Kwa hiyo swali likawa la tarehe: kilango kilitoka nje ya karakana lini? Fundi alikumbuka Februari, mkewe akakumbuka baada ya Pasaka, na kumbukumbu nimeshasema thamani yake. Kilichotuamulia ni simu. Mteja wa kwanza wa sigiri yenye kilango ni mama wa rolex wa Wandegeya, na alilipa kwa mobile money, ujumbe una tarehe, ni baada ya ombi kuingia. Kabla ya hapo ile ya majaribio ilikuwa karakanani na fundi na kijana wake wa kazi ambaye analipwa na anajua asiseme. Na Lugogo? Mfanyabiashara alikuwa ametuma picha ya meza ya fundi kwenye maonesho akidhani inammaliza. Nikaikuza. Droo imevutwa nusu, na juu makaa ni mekundu kabisa na cheche zinaruka, hewa inapuliza kwa nguvu zote. Na nyuma ya droo pale ambapo kijiti kinachomelewa, bati ni tupu. Picha ya adui yetu ndiyo ilithibitisha kwamba kilichoonyeshwa Lugogo ni toleo la zamani, na tukaiambatisha kwenye majibu yetu sisi wenyewe.

Tukarekebisha madai. Dai la kwanza jipya ni la kwanza la zamani pamoja na droo, kijiti na kilango kinachofungwa na mwendo wa droo. Kitu kimoja hapa watu hawakijui: huwezi kuongeza kwenye madai kitu ambacho hakikuwepo kwenye ombi la awali. Aliyeandika mwanzo nilimlaumu kwa dai lake pana, lakini alikuwa amechora kilango vizuri kwenye mchoro wa tatu na kueleza bawaba iko wapi, na bila huo mchoro tusingekuwa na pa kushika. Ikabaki ile Y, D1 na D2 zikiunganishwa. Tukaeleza kwamba mhunzi wa D2 ana mikono miwili huru na wenzo wake unatosha, hakuna popote kwenye hati hizo panaposema tatizo la kufunga hewa bila kugusa kitu kingine, na fundi wa kawaida akishona D1 na D2 anapata sigiri yenye wenzo wa mkono, hapati kilango cha droo. Tuliweka pia njia ya pili mezani, cheti cha modeli ya matumizi, ambacho kinadai kitu kiwe kipya bila kukipima sana kwa hatua ya uvumbuzi, ila ulinzi wake ni mfupi kuliko miaka 20 ya patenti. Haikuhitajika. Mkaguzi alikubali dai lililorekebishwa.

Fundi hakufurahi sana, nieleweke. Sigiri za Kikuubo hazina kilango, kwa hiyo ziko nje ya patenti yake na yule jamaa anaendelea kuziuza bila shida yoyote. Alichopata ni kilango, na kilango tu, na nilimwambia hicho ndicho alichovumbua. Sasa ana toleo la pili, lenye springi inayorudisha droo yenyewe, na nilimwomba lisitoke karakanani mpaka karatasi zifike ofisi ya usajili Kololo. Ameshalipiga picha na kuliweka status. Status inafutika baada ya saa 24 lakini kilichoonwa na watu wasiofungwa na siri kimeonwa. Nimeitazama picha, ni sigiri kwa mbele, droo imefungwa, springi haionekani, kwa kipimo kile kile cha D3 haijafichua kitu. Fomu inaingia Jumatatu.